Picha za Kihindi za mapenzi: mbona za zamani huniliza na za sasa hunipita tu?

Mtazamaji wa Chumbageni

Habari za jioni, wapenzi wa picha za Kihindi. Nina swali ambalo nimekaa nalo muda mrefu, na nimeona nililete hapa kwa sababu nyumbani sipati wa kulijadili naye. Wanangu wananiona mtu wa kung'ang'ania mambo ya kale.

Nilianza kutazama picha hizi nikiwa mtoto, hapa Tanga, enzi za deki na kanda za kukodi. Kanda moja ilikuwa inazunguka nyumba tatu nne za mtaani kabla ya kurudishwa dukani, na ilipofika kwetu ilikuwa na michirizi myeupe, hasa penye nyimbo, kwa kuwa kila nyumba ilirudisha nyuma pale pale. Kihindi hatukukijua hata kidogo. Mfasiri wetu alikuwa shangazi yangu. Yeye aliziwahi picha hizo kwenye senema, akawa anakaa jirani na watu waliokijua Kihindi, kwa hiyo alitusimulia huku akichambua mchele: huyu ndiye steringi, yule pale ni adui, na huyu mzee mwenye masharubu ni baba wa binti, hataki.

Neno hilo, "hataki", limenirudia juzi nilipokaa na binti yangu kutazama Saiyaara, iliyotoka mwaka 2025. Binti yangu alilia mpaka akaenda kunawa uso. Mimi nilikaa kimya. Si kwamba picha ni mbaya: waigizaji wake vijana, Ahaan Panday na Aneet Padda, wamejituma, na nyimbo zake zinakaa sikioni. Lakini muda wote nilijikuta ninamsubiri mtu fulani atokee, na hakutokea. Nilipokwenda kulala ndipo nilipotambua nilikuwa ninamsubiri nani. Nilikuwa ninamsubiri yule mzee asiyetaka.

Ukizitazama picha za mapenzi za zamani, utaona karibu zote zina mtu aliyesimama mlangoni. Katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 aliyesimama ni mfalme Akbar mwenyewe, na mwanawe Salim anafika mahali pa kuingia vitani dhidi ya baba yake kwa ajili ya Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu. Katika Bobby ya mwaka 1973 ni utajiri wa baba yake Raja, asiyeweza kukubali mwanawe amwoe mjukuu wa yaya. Katika Qayamat Se Qayamat Tak ya mwaka 1988 ni damu iliyomwagika kati ya koo mbili kabla wapenzi wenyewe hawajafahamiana. Na katika Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981 ni lugha: Vasu ni Mtamil, Sapna ni mtu wa kaskazini, wanaishi jirani huko Goa, na wazazi wao hawasikilizani katika jambo lolote.

Katika hiyo ya mwisho lipo tukio ambalo sijalisahau. Mama yake Sapna anaichoma picha ya Vasu mbele ya macho ya bintiye. Sapna habishani naye. Anayachukua yale majivu, anayatia kwenye chai, anakoroga, anakunywa. Nilikuwa na umri wa miaka kama tisa. Shangazi hakufasiri lolote pale, na mikono yake iliacha kuchambua mchele.

Sasa itazameni Tamasha ya mwaka 2015, ya muongozaji Imtiaz Ali, ambayo vijana wengi wanaisifu. Ved na Tara wanakutana katika kisiwa cha Corsica, ni watu wazima wenye uwezo wao, hakuna mzazi anayewawekea pingamizi. Kinachowatenganisha ni kwamba Ved hajijui yeye ni nani. Ninakubali kwamba hilo ni tatizo la kweli, na Ranbir Kapoor analiigiza vizuri sana, lakini tatizo la namna hiyo mtu hulimaliza peke yake, na mpenzi wake anabaki pembeni akingoja.

Swali langu ni hili: je, mahaba ya picha za Kihindi yamepungua nguvu kwa sababu hakuna tena anayekataza, au lipo jambo ambalo mimi silioni? Na kama mnazo picha mpya zinazoweza kunibadilisha mawazo, nitajieni. Nitazitazama kwa moyo mweupe.

Bint Kibokoni

Mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na la huyo shangazi yako limenigusa, kwa sababu kila nyumba ya pwani ilikuwa na shangazi wa namna hiyo. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na umri wangu unaniruhusu kusema kwamba baadhi ya hizo unazozitaja niliziona senema, Naaz na Regal, kabla deki hazijaingia majumbani.

Wewe unasema aliyeondoka ni baba wa mlangoni. Mimi ninasema kilichoondoka ni wimbo, na nitakueleza kwa nini mambo hayo mawili ni jambo moja.

Mtu asiyezizoea picha hizi hushangaa kuona wapenzi wako kwenye mazungumzo, mara wako bustanini wanaimba. Lakini ukiangalia wimbo unaingia wapi, utaona unaingia pale ambapo maneno ya kawaida hayawezi kupita. Binti hawezi kumwambia kijana kwamba anampenda, si kwa sababu baba yake yupo chumbani, bali kwa sababu amelelewa hivyo na ulimi wake hauwezi. Wimbo ndio unaomsemea. Itazame Shree 420 ya mwaka 1955, Raj Kapoor na Nargis barabarani usiku, mvua inanyesha, mwavuli ni mmoja. Anamsogezea mwavuli, naye anamrudishia, kila mmoja anataka mwenzake asilowe, mpaka wote wawili wanajikuta chini yake, nyuso zimekaribiana, na muuza chai yuko pembeni na birika lake. Hawashikani hata mikono kwa namna ya kukutia haya ukiwa umekaa na wazazi wako. Wanachokiimba, kwa sauti za Manna Dey na Lata Mangeshkar, ni kwamba mapenzi yamekuja na yamekiriwa, basi mbona moyo bado unaogopa?

Lishike hilo neno, kuogopa. Miaka mitano baadaye, Anarkali amesimama katikati ya ukumbi wa vioo, mbele ya Akbar, anaimba kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa. Nyimbo mbili kubwa kabisa za mapenzi katika zama zile, na zote mbili zinazungumza habari za hofu. Kwa nini? Kwa sababu alikuwapo wa kuogopwa. Baba yako wa mlangoni ndiye aliyewafanya waimbe. Wapenzi wa leo wanaambiana kila kitu kwa simu kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo mtunzi wa picha hana tena mahali pa kuuweka wimbo.

Kuna jambo la ufundi pia ambalo vijana hawalitambui. Waigizaji wa Kihindi kwa kawaida hawaimbi wenyewe. Sauti huazimwa kwa waimbaji. Zamani mwigizaji alifungua kinywa na sauti ya Lata ikatoka kinywani mwake, nawe uliamini kwamba ni moyo wake unaosema. Katika picha nyingi za sasa wimbo unapigwa kwa nyuma huku wapenzi wanaendesha gari au wanatembea ufukweni, midomo imefungwa. Wimbo waweza kuwa mzuri kabisa, lakini si maneno yake yeye, ni pambo la njiani. Ukitaka kujua kwa nini Saiyaara imekupita, anza hapo. Najua kijana wa mle ni mwimbaji na anaimba jukwaani, lakini kumwimbia umati wa watu ni tofauti na kumwimbia mtu mmoja ambaye huna njia nyingine ya kusema naye.

Sisi watu wa pwani tulilielewa hili mapema. Marehemu Juma Bhalo na wenzake wa taarabu ya Mombasa walizichukua tuni za Kihindi wakazitilia mashairi ya Kiswahili. Hawakufasiri maneno ya Kihindi. Walitunga yao, kwa vina na mizani, yenye majonzi yao wenyewe, tuni ikabaki ile ile. Nimeona kwa macho yangu, kwenye harusi, watu wazima wakitokwa na machozi kwa tuni ya picha ambayo hawakupata kuiona maishani mwao.

Ila picha ninayoipenda kupita zote ni Pakeezah ya mwaka 1972, ya Kamal Amrohi, na hii nitaieleza kidogo kwa kirefu. Meena Kumari ni mwanamke anayewachezea ngoma wanaume wenye fedha. Anasafiri kwa treni usiku, amelala behewani, na miguu yake imetokeza nje ya shuka. Kijana mgeni anaingia katika behewa lile, hamwamshi, ila anapoondoka anamwachia kikaratasi kati ya vidole vya mguu. Kimeandikwa kwamba ameiona miguu yake, ni mizuri mno, asiiteremshe ardhini, itachafuka. Ndiyo hayo tu. Mwandishi hajui kwamba miguu ile ndiyo riziki ya mwenye nayo, kwamba kila usiku inafungwa njuga na kupigishwa sakafuni mbele ya watu wanaorusha fedha. Kikaratasi kile anakitunza kama hirizi. Tangu hapo kila treni inapopiga honi kwa mbali, yule mwanamke anaacha analofanya na kusikiliza, na wewe mtazamaji unasikiliza pamoja naye. Na mwishoni anapoitwa kucheza katika harusi ya kijana huyo huyo, anacheza juu ya vipande vya vioo mpaka sakafu inatapakaa damu. Miguu ile ile, mwanangu!

Picha hiyo ilichukua miaka mingi sana kukamilika. Amrohi na Meena Kumari walikuwa mume na mke, wakatengana katikati ya kazi, kisha akarudi kuimalizia akiwa mgonjwa, hata baadhi ya ngoma ilibidi achezewe na mwingine. Ilitoka mwezi wa Februari, naye akafariki tarehe 31 Machi mwaka ule ule.

Umeomba mpya. Anza na Veer-Zaara ya mwaka 2004. Muongozaji wake, Yash Chopra, alizichukua tuni ambazo Madan Mohan aliziacha bila kutumika alipofariki mwaka 1975, akampa Lata, wakati huo ana umri wa miaka 75, aziimbe. Huenda ndiyo sababu mapenzi ya mle yanasimama kama ya zamani: tuni zenyewe ni za zamani, na mpaka wa India na Pakistani umekaa pale mlangoni badala ya baba.

Mwalimu wa Jioni

Bi mkubwa, shikamoo. Maelezo yako ya Pakeezah yamenifanya niitafute tena. Hata hivyo naomba kutofautiana nanyi wawili, kwa heshima zote, kwa sababu ninaona mnakihukumu kizazi kizima cha picha kwa zile zinazotoka katika studio kubwa za Mumbai tu.

Kwanza, huyo mzee wa mlangoni hakuwa jambo jema hata kidogo, na picha za zamani mara nyingi zilimbembeleza badala ya kumpinga. Tuchukue Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ambayo ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai umeionyesha miaka na miaka tangu ilipotoka. Mimi pia ninaipenda. Lakini itazameni sehemu ya pili kwa makini. Simran anataka kutoroka na mpenzi wake Raj. Mama yake mwenyewe anawaletea vito vya dhahabu na kuwasihi watoroke. Anayekataa ni Raj. Anasema hatamchukua binti mpaka baba akubali. Kuanzia hapo picha inakuwa ni habari ya wanaume wawili, mmoja akitafuta idhini ya mwingine, na yule anayeolewa anangoja. Hata tukio la kituo cha treni, ambalo sote tumelilia, ni mkono wa Simran uliofungwa katika kiganja cha baba yake mpaka baba huyo anapoamua kuuachia. Ninapoliona sasa, huwa ninautazama ule mkono. Ninajiuliza ingekuwaje kama angeuvuta mwenyewe.

Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998 sitaisemea sana, kwa kuwa najua ina wapenzi wengi hapa. Ninasema tu kwamba Rahul anakaa na Anjali chuo kizima asimwone, na anamwona siku alipovaa sari na kufuga nywele. Binti zetu waliitazama picha ile, na walielewa walichoambiwa.

Pili, si kweli kwamba mlinda mlango ameondoka. Nenda ukaitazame Sairat ya mwaka 2016. Ni picha ya Kimarathi, imeongozwa na Nagraj Manjule. Parshya ni mtoto wa mvuvi, wa tabaka la chini. Archi ni binti wa mwenye mashamba na siasa, na ni yeye anayemtazama kijana kwanza, anayeendesha pikipiki, anayeendesha trekta, anayeshika bastola wanapofukuzwa. Nusu ya kwanza ina kila kitu ambacho Bi mkubwa anakililia: nyimbo za Ajay-Atul, visima, mashamba, macho yanayotafutana. Kisha wanatorokea Hyderabad, na hapo nyimbo zinakoma kabisa. Wanaishi katika kibanda, wanagombana kuhusu fedha, anajifunza kupika, wanapata mtoto. Ni mara chache sana picha ya Kihindi imetuonyesha nini kinafuata baada ya kutoroka. Mwisho wake sitausimulia. Nitasema tu kwamba katika dakika za mwisho sauti yote inazimwa, na mtoto mdogo anatembea. Tulikuwa watu sita chumbani na hakuna aliyesimama kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Chumbageni, baba asiyetaka yupo. Tabaka lipo. Kilichobadilika ni kwamba studio kubwa zilihamia kwenye nyumba za matajiri wanaoishi London na New York, ambako tatizo hilo halionekani, na sisi tukadhani limekwisha.

Tatu, na hapa ninakuja kwenye ombi lako, kuna picha ambazo hazina mtu mlangoni na bado zinauma. The Lunchbox ya mwaka 2013, ya Ritesh Batra, inategemea kosa moja dogo. Mumbai kuna watu wanaoitwa dabbawala, ambao kazi yao ni kuchukua chakula majumbani na kukifikisha maofisini kwa baiskeli na treni, na wanasifika kwa kutokosea. Makopo ya Ila, mwanamke anayejitahidi kumrudisha mume wake kwa mapishi, yanakwenda kwa mtu mwingine: Saajan, mhasibu mjane anayekaribia kustaafu, aliyeigizwa na marehemu Irrfan Khan. Yanarudi yamekombwa. Siku hiyo Ila anafurahi, kisha anatambua kwamba aliyekula si mumewe. Kesho yake anaweka kikaratasi pamoja na chapati. Wanaandikiana hivyo, kikaratasi kwa kikaratasi, bila kuonana.

Wanapokubaliana kukutana katika mkahawa, Saajan anafika, anamwona, na haendi kwenye meza yake. Asubuhi ile alikuwa amerudi bafuni kwake akasikia harufu ambayo alikuwa akiisikia utotoni, babu yake alipotoka kuoga, na akatambua kwamba harufu ile sasa ni yake yeye. Kisha ndani ya treni kijana akampisha kiti. Anakaa kwenye kona ya mkahawa, anamtazama mwanamke aliyejipamba kwa ajili yake akinywa maji gilasi baada ya gilasi, na anaondoka. Siku inayofuata Ila anamletea makopo matupu.

Niambie, hapo ni nani aliyekataza? Hakuna. Amejikataza mwenyewe, na mimi sioni kwamba ni jambo dogo kuliko mfalme Akbar.

Mpemba wa Muscat

Nimefuatilia mazungumzo haya tangu mwanzo, na ninataka kuongeza jambo moja tu. Kwetu tukiwa vijana tulikuwa na msemo kwamba steringi hafi, na kwenye picha za ngumi ilikuwa kweli; ukimwona amepigwa risasi ulijua ataamka. Picha za mapenzi ndizo zilizotufundisha kwamba anakufa. Vasu na Sapna wanakufa. Wapenzi wa Qayamat Se Qayamat Tak wanakufa, na nakumbuka mtu mmoja tuliyekuwa naye aligoma kutoka kwenye kiti, akisema kanda haijaisha.

Na kuhusu mlango, mbona hakuna aliyemtaja Devdas? Riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilichapishwa mwaka 1917 na imetengenezwa picha mara nyingi: K. L. Saigal miaka ya 1930, Dilip Kumar mwaka 1955, Shah Rukh Khan mwaka 2002. Devdas anamwacha mpenzi wake Paro kwa woga wa wazazi, anajimaliza kwa pombe, na anakuja kufia nje ya nyumba aliyoolewa Paro. Paro anasikia, anakimbia, na lango linafungwa kabla hajafika. Katika ile ya mwaka 2002 sari yake ndefu inaburuzika nyuma yake kwenye ngazi zote zile. Hapo mlango si mfano, ni mlango wenyewe wa mbao. Kwa mawazo yangu, ile ya Dilip Kumar, yenye rangi mbili tu na isiyo na mapambo, inauma zaidi, kwa sababu hakuna cha kukupotezea macho isipokuwa uso wake.

Mtazamaji wa Chumbageni

Nawashukuru wote. Shikamoo, mama wa Kibokoni. Mwalimu, nimekutii: tumetazama The Lunchbox Jumamosi, mimi, mke wangu na binti yetu.

Ninakiri kwamba nilikosea kusema tatizo lililo ndani ya mtu haliwezi kuumiza. Pale mkahawani nilisahau kabisa kwamba nilikuwa ninatafuta mzee wa mlangoni. Lakini nimegundua pia kwamba Bi mkubwa hakukosea kuhusu wimbo. Vile vikaratasi ndivyo wimbo wao. Ila na Saajan wanaandikiana mambo ambayo wasingeweza kuyatamka, na wanaweza kuyaandika kwa sababu wamezuiwa kuonana. Umbali kati ya jiko na ofisi umefanya kazi ile ile ya baba. Mke wangu alipenda zaidi yule mama wa ghorofa ya juu, ambaye haonekani hata mara moja, anayemwelekeza Ila viungo kwa sauti na kumteremshia kikapu dirishani. Alisema ana jirani wa namna hiyo.

Binti yangu naye amenijibu kuhusu Saiyaara. Anasema mimi ninataka mtu wa kukataza kwa sababu mtu anaweza kubembelezwa akakubali, lakini Vaani, yule mpenzi wa mle, anaugua ugonjwa wa kusahau akiwa bado msichana, na ugonjwa haubembelezwi. Nilikaa na neno hilo. Sijabadilika kuhusu picha yenyewe, ila nimeelewa machozi yake yalikuwa ya nini.

Tumekubaliana kwamba wiki ijayo ninachagua mimi, na nimechagua Mughal-e-Azam. Shangazi yangu bado yupo, macho yamefifia lakini masikio ni mazima, na nitamleta akae nasi. Nimeona zipo mbili: ile ya asili na ile iliyotiwa rangi yote mwaka 2004. Binti yangu anataka ya rangi, anasema ile nyingine itamchosha. Nimchukulie ipi?

Mwalimu wa Jioni

Kabla Bi mkubwa hajajibu, ninaongeza ya wiki inayofuata: 96, picha ya Kitamil ya mwaka 2018. Ram na Janu walipendana shuleni, wanakutana tena baada ya miaka 22 kwenye mkusanyiko wa wanafunzi wa zamani, Janu ameshaolewa, na wana usiku mmoja tu wa kuzunguka mjini Chennai kabla ya ndege yake. Tangu shuleni Ram alikuwa akiuomba wimbo mmoja, na Janu hakuwahi kumwimbia. Usiku ule umeme unakatika nyumbani kwa Ram, na ndani ya giza Janu anauanza. Ram anababaika akitafuta taa kama mtu anayeogopa utaisha kabla hajamwona. Anaimba mwenyewe, Bi mkubwa, mbele ya mtu mmoja, kama ulivyotaka.

Bint Kibokoni

Mwalimu, hiyo nitaitafuta leo leo.

Mwanangu, chukua ya asili, ya mwaka 1960, na umwambie binti yako avumilie. K. Asif aliipiga sehemu kubwa kwa rangi nyeupe na nyeusi, lakini ule wimbo wa ukumbi wa vioo na sehemu ya mwisho alivipiga kwa rangi. Kwa hiyo mnakaa saa nzima na zaidi katika kijivu, mmekwisha kuzoea, halafu Anarkali anaanza kuimba mbele ya mfalme kwamba haogopi, na rangi inaingia yote kwa pamoja. Anapozunguka, vioo vya darini vinamchukua, anakuwa Anarkali mmoja, kumi, mia, na Akbar akiinua macho hana pa kutazama ambapo hayupo. Ile ya mwaka 2004 ina rangi tangu mwanzo, kwa hiyo huko kuingia kwa rangi hamtakuona.

Shangazi umkalishe karibu na spika. Na mwambie binti yako asimuulize maswali wakati wa wimbo. Amwache asimulie mwenyewe, kwani maneno ya Akbar ameyangoja siku nyingi kuyafasiri.